"Jikaze, fanya mazoezi": kasoro za jaribio la PACE

Shangazi yangu wa Kibosho alipona homa, lakini nguvu hazikurudi. Akishuka kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo, siku mbili zinazofuata hatoki kitandani. Vipimo havikuonyesha kitu. Akaambiwa: "Mama, jikaze. Fanya mazoezi, ongeza kidogo kila wiki." Kibosho kwenyewe ukishuka lazima upande, mazoezi gani tena?

Ushauri wa aina hii ulipata nguvu sana kutokana na jaribio la PACE la Uingereza, lililochapishwa na The Lancet mwaka 2011. Tuwe wa haki: lilikuwa kubwa. Watu 641 wenye ugonjwa wa uchovu sugu waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi 4. Watafiti wakasema mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, na tiba ya mazungumzo, vinasaidia. Mwaka 2013 wakaenda mbali zaidi: asilimia 22 ya waliopewa tiba hizo wamepona.

Wamepona kwa kipimo gani? Hapo ndipo shida ilipo. Uwezo wa mwili ulipimwa kwa alama 0 hadi 100. Kuingia kwenye jaribio ulitakiwa uwe na 65 au chini. Mpango wa awali ulisema aliyepona afikishe 85. Baadaye ikashushwa hadi 60. Yaani mtu angeweza kuingia na 65, akashuka hadi 60, na kwenye kipimo hicho akahesabiwa amevuka!

Halafu matokeo makuu yalitegemea wagonjwa kujaza fomu, huku wakijua wanapewa tiba gani. Walipopimwa kutembea kwa dakika 6, kundi la mazoezi lilifika wastani wa mita 379. Waliopata huduma ya kawaida tu, mita 348. Tofauti ipo, ila huo si mwendo wa mtu mzima aliyepona.

Data zilitolewa mwaka 2016 baada ya amri ya baraza la kisheria. Uchambuzi wa 2018, uliofuata vigezo vya awali, haukuona tofauti ya maana ya kupona kati ya makundi. Oktoba 2021 taasisi ya NICE ya Uingereza ikaacha kupendekeza mazoezi hayo.

Sasa shangazi afanye nini? Kwanza, kuuliza amepimwa nini. Yeye alipimwa malaria na taifodi tu. Utafiti uliochapishwa 2013, kuhusu wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za Moshi, ulionyesha madaktari walidhani 528 wana malaria. Waliothibitika ni 14. Baadhi walikuwa na magonjwa yatokayo kwa mifugo, kama bruselosi na homa ya Q, ambayo yanaweza kuacha uchovu wa muda mrefu. Upungufu wa damu, tezi ya shingo, kisukari, TB na VVU navyo viangaliwe.

Kama yote hayo hayapo, dawa ya kuponyesha uchovu sugu bado haijapatikana. Kinachobaki ni kupanga nguvu: kugawa kazi, kupumzika kabla hujachoka, kutibu maumivu na kukosa usingizi. Shangazi sasa anabeba nusu mzigo, tena anakaa njiani mara mbili. Hajapona. Ila kesho yake anaamka. Majirani wanamwita mvivu, na hilo hakuna jaribio lililompima.