Pongezi kwa Profesa Sandrine Mubenga

Anayechaji simu kwa paneli ya jua pale Kashuga, Masisi, anajua: betri ikichoka, habari za ndugu hukatika. Kwa hiyo ninampongeza Profesa Sandrine Mubenga, mhandisi wa umeme kutoka Kongo anayefundisha Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani. Akiwa na miaka 17, huko Kikwit, upasuaji wa kidole tumbo ulicheleweshwa kwa siku kadhaa kwa sababu hospitali haikuwa na umeme. Alipona, na umeme ndio aliokwenda kuusomea.

Kazi yake kubwa ni kusawazisha seli za betri ya lithiamu. Seli moja dhaifu huiangusha betri nzima, hata zingine zikiwa na nguvu. Yeye aliziweka katika makundi: ndani ya kundi, njia rahisi ya kupunguza chaji iliyozidi; kati ya kundi na kundi, njia ghali inayohamisha chaji. Werevu uko hapo: ughali unabaki pale tu unapohitajika.

Mwaka 2018 alianzisha STEM DRC Initiative, inayowafadhili vijana wa Kongo wanaosoma sayansi na uhandisi. Wengi wangeridhika na cheo cha profesa; yeye hakuridhika. Vyuo vya Goma na Bukavu vimwalike, na wasichana wa Masisi wakae viti vya mbele.