Umri wa Gitaa Hausomwi Mgongoni

Sisi wahakiki chipukizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi. Leo naomba ruhusa nihakiki kitu kingine kabisa: gitaa la umeme, tena kuukuu. Usicheke, ndugu msomaji. Gitaa la zamani husomwa kama kitabu. Lina tarehe ya kutoka, lina kurasa zilizochanwa, lina watu waliolifutafuta na kuliandika upya, na lina madalali ambao hawajalisoma hata ukurasa mmoja ila bei yake wanaijua kwa kichwa. Hoja yangu ni moja: umri wa gitaa hutafutwa kwa macho na bisibisi, lakini thamani yake huandikwa kwa kalamu. Asiye na kalamu atabaki anauza mbao.

Tuanze na umri. Nachukua Stratocaster ya kampuni ya Fender, lile gitaa lenye pembe mbili ambalo hata asiyejua muziki amewahi kuliona pichani. Lilitoka mwaka 1954 huko Fullerton, California. Aliyelianzisha, Leo Fender, alikuwa fundi redio, na wala gitaa hakujua kulipiga. Basi akalitengeneza kwa akili ya fundi redio, kwamba kila kipande kiweze kufunguliwa na kubadilishwa. Shingo haikugundishwa kwa gundi. Imefungwa mwilini kwa skrubu nne zinazopita kwenye kibati cha chuma mgongoni, na kibati hicho ndicho kilichogongwa namba.

Mtu wa kawaida akipewa gitaa kama hilo, kwanza hulipindua asome namba. Ati namba fulani, mwaka fulani, kwisha kazi. La hasha! Vile vibati vilikuwa vinachotwa ndani ya boksi bila mpango. Kilichokuja mkononi ndicho kilichofungwa, kwa hiyo namba ndogo yaweza kuwa mgongoni mwa gitaa lililotoka baada ya lenye namba kubwa. Mwaka 2019 mpiga gitaa David Gilmour wa Pink Floyd aliuza mnadani New York Stratocaster yenye namba 0001. Ilinunuliwa kwa dola 1,815,000. Namba yenyewe inapiga kelele kwamba ndiyo ya kwanza, lakini wataalamu wote wanajua kuwa si ya kwanza kutengenezwa.

Wenzao wa Gibson ndio walivuruga kupita kiasi. Katika miaka ya 1960 namba ile ile iligongwa kwenye magitaa ya miaka tofauti, ukiitegemea peke yake umekwama. Mwaka 1977 wakarudiwa na akili wakaanza namba ya tarakimu nane. Ya kwanza na ya tano zinataja mwaka, ya pili hadi ya nne zinataja siku ya mwaka. Namba inayoanza na 81505, kwa mfano, ni siku ya 150 ya mwaka 1985, yaani tarehe 30 Mei. Hapo sasa namba inasema kweli, almuradi hakuna mtu aliyeichezea.

Basi mjuzi hufanyaje? Hushika bisibisi. Anafungua shingo ya Fender na kutazama kisigino chake, pale inapoingia mwilini, ambako mafundi wa kiwandani walikuwa wakiandika tarehe kwa penseli au kugonga muhuri. Hata hiyo ni tarehe ya shingo tu, shingo ingeweza kukaa stoo miezi kabla ya kupata mwili. Kwa hiyo anafungua na sehemu ya umeme. Humo mna vile vidude vya kuongeza na kupunguza sauti, ambavyo mafundi redio wetu huviita volyumu. Mgongoni mwa kila kimoja mna namba. Chukua 304 6320. Tarakimu tatu za mwanzo ni kiwanda kilichokitengeneza, 63 ni mwaka 1963, na 20 ni wiki ya 20. Maana yake, kama kidude hicho kimo humo tangu kiwandani, gitaa hilo haliwezi kuwa la 1961, hata muuzaji ale yamini.

Na hapo pia pana mtego. Mwaka 1966 Fender walinunua shehena kubwa ya volyumu, wakaendelea kuzitumia kwa miaka kadhaa. Gitaa lenye volyumu za 1966 laweza kuwa la 1968. Kidude kinakuambia gitaa halikuzaliwa kabla ya lini, hakikuambii lilizaliwa lini hasa. Ndipo mjuzi anapotazama lehemu: imetulia na kufubaa kama ilivyotoka kiwandani, au inang'aa kwa kuguswa juzi? Anatazama na umbo. Ubao wa vidole wa mpingo mwekundu uliingia kwenye Stratocaster mwaka 1959. Kichwa kikubwa kilikuja mwishoni mwa 1965. Shingo ya skrubu tatu ilianza mwaka 1971. Vipande vyote vikikubaliana, hapo ndipo anapotaja mwaka. Kimoja kikikataa, ananyamaza kwanza.

Hapa ndipo ninapowataka wenzangu wa kalamu wasikilize. Ni wangapi kati yetu tunaotaja umri wa kitabu kwa kusoma namba ya mgongoni tu? *Utubora Mkulima* ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1968. Mhakiki wa haraka ataiweka moja kwa moja kwenye fungu la fasihi iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, atatafuta Ujamaa humo na, kwa kuwa kuna jembe, ataupata! Lakini mwandishi alifariki mwaka 1962. Kibati ni cha 1968, shingo ni ya zamani. Asiyefungua skrubu ameuziwa mbuzi kwenye gunia, naye anaenda kutuuzia sisi.

Sasa tuje kwenye thamani, maana hapa ndipo palipo na ugomvi wangu.

Wafanyabiashara wa magitaa ya zamani wana sheria zao, na sheria kuu ni uhalisi. Kila kitu kiwe kile kile kilichotoka kiwandani. Rangi ikipakwa upya, husema bei imekatika nusu. Pikapu (si gari, ni zile sumaku zilizozungushiwa waya zinazonasa mtikisiko wa nyuzi) zikibadilishwa, bei inashuka tena. Tundu likitobolewa, inashuka. Wana na mpaka wa kihistoria: Januari 1965 kampuni ya CBS iliinunua Fender kwa dola milioni 13, na tangu hapo magitaa ya kabla ya mauzo hayo yanahesabiwa dhahabu, ya baada yake yanahesabiwa ya kawaida. Kana kwamba mti ulijua kuwa tajiri amebadilika.

Sikatai kuwa sheria hizi zina maana. Bila hizo watu kibao wangeingizwa mjini kila siku. Ila zitazame zinapendelea nini. Gitaa lililolala mvunguni miaka sitini, halijaona jukwaa wala jasho, ndilo la bei mbaya. Gitaa lililofanya kazi, likavunjika, likatengenezwa, likarudi kazini, hilo linaadhibiwa kwa kila kovu. Ni sawa na kusema kitabu kizuri ni kile ambacho hakuna aliyekisoma.

Na kichekesho ni kwamba wenyewe hawazifuati. Eric Clapton alikuwa na Stratocaster aliyoiita Blackie. Mwaka 1970 alinunua Stratocaster kadhaa huko Nashville, akagawa baadhi kwa rafiki zake, na zilizobaki tatu akachagua vipande vizuri vya kila moja akaunda gitaa moja. Huyo Blackie ukimuuliza mwaka wa kuzaliwa, hana jibu. Kwa sheria ya uhalisi ni gitaa la kuungaunga. Mwaka 2004 liliuzwa mnadani kwa dola 959,500.

Lile jeusi la Gilmour ndilo kiboko. Lilipakwa rangi nyeusi juu ya rangi yake ya awali. Shingo ilibadilishwa zaidi ya mara moja, pikapu zikabadilishwa, mwili ukatobolewa na tundu likazibwa. Kwa sheria ya dukani, hilo ni gitaa la kukatiwa bei mpaka muuzaji alie. Katika mnada ule ule wa 2019 lilikadiriwa dola 100,000 hadi 150,000. Likauzwa dola 3,975,000! Si mchezo.

Utaniambia, "Bwana wee, hilo ni jina la mwenyewe tu." Kweli, jina limo. Lakini jina halijishiki lenyewe kwenye ubao. Stratocaster nyeusi duniani ni nyingi mno. Nini kinathibitisha kuwa ni huu ubao, si mwingine, uliopiga katika rekodi fulani mwaka fulani? Ni picha, kumbukumbu za studio, na maelezo ya fundi aliyelitunza. Na fundi wa Gilmour wa miaka mingi, Phil Taylor, hakuishia kutunza kumbukumbu kichwani. Aliliandikia gitaa hilo kitabu kizima. Kila kovu likapewa tarehe na sababu. Kovu lililoandikwa likageuka ushahidi, na ushahidi ukageuka mshiko.

Umeona ninapoelekea? Kovu lisiloandikwa linakata bei, kovu lililoandikwa linaipandisha. Kovu ni lile lile.

Viwanda vimeshalitambua hilo. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Fender wamekuwa wakiuza magitaa mapya yaliyochubuliwa makusudi kiwandani, rangi imebanduliwa, vyuma vimetiwa kutu, na yanauzwa ghali kuliko mengi ambayo hayajachubuliwa. Uzee wa kununua! Sina haja ya kuwacheka sana, maana na sisi tunao waandishi wa namna hiyo, waliozaliwa juzi lakini kila sentensi wameichubua kwa maneno ya karne iliyopita ili waonekane wameyaona mengi. Ukifungua ndani, lehemu inang'aa.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu magitaa ya umeme hayakupigwa California na London tu. Muziki wa dansi wa Tanzania umejengwa juu ya gitaa la umeme: solo, rithimu na besi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, ikapita majina ya JUWATA na OTTU hadi ikawa Msondo Ngoma. Katika bendi nyingi za namna hiyo vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, iwe jumuiya, shirika au tajiri. Mwanamuziki akihama, alihama na vidole vyake, gitaa likabaki kwa mpigaji mwingine. Basi gitaa moja laweza kupita mikononi mwa wapigaji kadhaa wakubwa na meza za mafundi kadhaa wa mtaani. Kwa sheria ya uhalisi, hilo halina kitu. Kwa sheria iliyomtajirisha Blackie, hiyo ni hazina.

Mbaraka Mwinshehe alipiga solo Morogoro Jazz, kisha akaunda Super Volcano, na akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Gitaa alilopigia lingeletwa mezani leo, nani angesimama athibitishe? Kwa karatasi ipi? Dalali angelipindua, angesoma namba ya mgongoni, angeona rangi ilipakwa upya, angetaja bei ya mbao. Na kwa sheria yake angekuwa amesema sawa. Kosa lingekuwa letu sisi wenye kalamu.

Kwa hiyo, mshikaji unayetaka kununua gitaa la mtumba, shauri langu ni fupi. Nenda na bisibisi. Omba kufungua shingo, soma volyumu, tazama lehemu. Akikataa lisifunguliwe, muage kwa heshima uondoke. Akikusimulia historia, isikilize, kisha uilinganishe na vipande. Historia inayokubaliana na skrubu ilipie, isiyokubaliana mwachie mwenyewe.

Na wewe unayetaka kuwa mwandishi lakini unalalamika huna kisa, fuata ukumbi wowote ambao bado unapiga dansi la zamani. Fika mapema, kabla vyombo havijafungwa. Muulize mzee anayepiga solo: gitaa hili lilitoka wapi, alilipiga nani kabla yako, nani alilitengeneza lilipovunjika, na lilipiga katika wimbo gani? Andika mwaka, andika majina, uliza mwingine, linganisha. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na daftari halifiki hata bei ya waya mmoja wa gitaa.