Kufungua Duara

Mgeni anayekwenda London kutazama michezo ya jukwaani hapati taabu. Majumba yako palepale mwaka nenda mwaka rudi, majina ya michezo yanawaka taa milangoni, na mingine haina dalili ya kuondoka. The Mousetrap wa Agatha Christie ulianza kuchezwa jijini humo Novemba 1952, mwezi uleule ambao Kenya National Theatre ilifunguliwa Nairobi, na hadi leo tiketi zake zinauzwa. Mgeni huyohuyo akishuka Kericho au Bomet akauliza jumba la michezo liko wapi, ataelekezwa kanisani, uwanjani au kwenye kiwanda cha chai. Jumba hakuna. Sanaa ya jukwaani ipo, nyingi na nzuri kupita sifa inazopewa, ila haikai mahali pamoja. Inafuata muhula wa shule.

Muhula wa kwanza ni wa drama. Mashindano huanzia kaunti ndogo, yakapanda hadi kaunti, yakaenda Bonde la Ufa lote, kisha taifa, na washindi wa taifa mara nyingi hualikwa kucheza mbele ya Rais. Muhula wa pili ni wa muziki. Tamasha za muziki za Kenya zina umri mkubwa, zimekuwapo tangu 1927. Za drama zilianza 1959, enzi za mkoloni, zikiwa za shule chache na za lugha moja. Leo shule ya kutwa iliyo ukingoni mwa msitu wa Mau ina haki ya kupanda jukwaa lilelile na shule kubwa za mjini, na kuna miaka inazishinda.

Utakayoyaona huko ni mengi: mchezo wa kuigiza, shairi la kikundi, shairi la mtu mmoja, masimulizi. Mimi naomba nikae na moja tu, ngoma ya kubuni, kwa sababu ndipo ufundi wa watu wa huku unapoonekana waziwazi, na kwa sababu anayeutenda ufundi huo jina lake halisomwi na mtu. Ni mwalimu wa Kiswahili, au wa Hisabati, ambaye kengele ya saa kumi ikilia anavua koti na kuingia bwaloni.

Ngoma ya kubuni inasimulia kisa kwa nyimbo na miondoko, karibu bila mazungumzo, kwa dakika chache. Msingi wake ni ngoma ya asili. Kisa ni cha leo. Hapo ndipo penye ugumu. Ngoma ya nyumbani mara nyingi huchezwa kwa duara, au kwa mistari miwili inayotazamana. Mchezaji anamtazama mwenzake. Anainua mabega, anasukuma shingo, anaruka, na anayemjibu yuko mbele ya macho yake. Hakuna upande wa mbele wala wa nyuma, kwa sababu hakuna aliyekuja kuketi na kutazama. Hata bibi aliye pembeni anapiga makofi na kuitikia. Sasa chukua ngoma hiyo uilete ukumbini, ambako upande mmoja kuna meza yenye kitambaa, na nyuma ya meza wameketi waamuzi watatu wenye kalamu. Utafanyaje na duara?

Mwalimu asiye hodari anawapanga watoto mistari minne, nyuso zote kwa waamuzi, meno nje. Hatua zinalingana, mavazi yanameta, na ngoma imekufa. Kila mtoto anacheza peke yake mbele ya meza. Mwalimu hodari analifungua duara upande mmoja tu, kama lango la boma, ili mtazamaji ajikute ameketi kwenye pengo, yeye mwenyewe akilifunga. Wachezaji wanaendelea kutazamana. Duara linazunguka taratibu, kila uso unapata zamu yake ya kuonekana, na yule aliyegeuka hajapotea: mgongo wake unafanya kazi, shanga zikitikisika mabegani kwa mpigo wa ngoma. Nimewaona walimu wakishinda wiki nzima juu ya mzunguko mmoja wa aina hiyo, wakiwasihi watoto wasichezee waamuzi bali wachezeane. Naamini hilo ndilo somo gumu zaidi katika sanaa yote ya jukwaa, na linafundishwa kwenye bwalo linalonukia githeri, meza zikiwa zimesukumwa ukutani.

Katika shule moja ya Bureti nilitazama wakitayarisha ngoma ya wachuma chai. Wasichana wanaingia kwa mstari, vikapu mgongoni, sauti ya kiongozi ikitangulia. Mwalimu alikuwa ameshughulika na kitu kimoja tu, mkono. Mchumaji wa kweli anachuma kwa mikono miwili, majani mawili na chipukizi, anakusanya konzi, kisha anarusha juu ya bega bila kugeuka kutazama kikapu. Watoto waliokulia kwenye kambi za wafanyakazi waliufanya mkono huo bila kufikiri. Wale wa mjini walichuma kama wanaookota sindano. Basi mwalimu akawapanga wawiliwawili, wa kambini na wa mjini, wafundishane, na konzi inaporushwa begani ndipo ngoma inapogonga. Mpigo wa wimbo mzima ulitoka hapo, kwenye kazi yenyewe. Halafu wanaingia wavulana wawili wameshika mti mrefu, gunia likiburutwa nyuma yao, na kundi zima linatoa mngurumo kwa midomo. Mashine. Kila mashine inapopita, mstari wa wasichana unapungua, na wimbo uleule unaimbwa na sauti chache zaidi. Hakuna neno lililosemwa kuhusu mashine za kuchumia chai zilizochomwa na waandamanaji Kericho mwaka 2023. Hakukuwa na haja. Kila aliyekuwa bwaloni, hadi mpishi aliyesimama mlangoni na mwiko, alikijua kisa.

Mashamba makubwa ya chai ya huku, yaliyoanza kupandwa na kampuni za Uingereza miaka ya 1920, yalileta watu wa kila upande: Waluo, Waluhya, Wakisii, wakaishi pamoja na wenyeji Wakipsigis. Ndiyo maana usishangae ukimwona mtoto wa Konoin akiongoza isukuti ya Waluhya kana kwamba amezaliwa Kakamega. Jirani yake kambini ndiye aliyemfundisha.

Uhodari wa kuchukua kitu cha mgeni na kukipa makao haukuanzia shuleni. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet na vinasa sauti vyake, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kwa kibugandet, ala ya nyuzi iliyo ndugu ya nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu. Walikuwa wakimwimba Chemirocha. Huyo, kwa matamshi yao, ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimesikika hadi huku. Wasichana wale hawakumwiga hata kidogo. Walimfanya kiumbe nusu mtu nusu swala, wakamwita aje acheze nao, kwa sauti zao, kwa ala yao, kwa mpangilio wa nyimbo za kwao. Rekodi hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, na miaka ya 2010 nakala zilirudishwa kwa watu wa Kapkatet, wazee wakasikia tena sauti za ujana wao. Kila ninapousikia wimbo ule nasikia kazi ya walimu wangu wa bwaloni. Tamasha nazo zililetwa na mgeni, na meza ya waamuzi, na kalamu, na jukwaa lenye upande mmoja. Watu wa huku wakasema karibu, ingia, ucheze nasi.

Ufundi huu una mipaka yake, na mwalimu mzuri anaijua. Nyimbo za jandoni hazipandishwi jukwaani. Zina wenyewe, zina mahali pake na wakati wake, na mtoto ambaye hajapita huko hafai kuzisikia sembuse kuziimba kwa maksi. Nimewaona walimu wakimwita mzee wa kijiji aje aketi kwenye mazoezi, si kama mapambo, bali kwa kuuliza: hii, mzee, inaruhusiwa? Mzee anaweza kutikisa kichwa, na wimbo mzuri kuliko zote ukaondolewa siku chache kabla ya mashindano. Nauheshimu uamuzi huo kuliko kombe lolote.

Kuna mvua pia. Nchi hii ya chai iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na alasiri nyingi mvua inanyesha, wakati mwingine mvua ya mawe, juu ya kumbi zilizoezekwa bati. Ikianza, neno halisikiki. Nimeona mchezo wa kuigiza ukizama hivyo katikati ya ugomvi wa baba na mwana, midomo ikienda bure. Walimu wa huku wamejifunza. Wanawafundisha watoto kujaza kifua na kutupa sauti hadi ukuta wa nyuma, na zaidi ya hapo, wanatunga michezo inayoweza kusimama bila sauti kwa muda. Mwana anavua kofia ya baba yake na kuivaa. Bati liko juu likinguruma, na ukumbi mzima umeelewa nani sasa ni bwana wa nyumba.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya watoto. Mwaka 1977, katika nchi nyingine ya chai, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu walicheza Ngaahika Ndeenda, serikali ikaufunga mchezo baada ya wiki chache. Ulirudi jukwaani Nairobi mwaka 2022. Shule ya Butere Girls ilizuiwa kucheza Shackles of Doom mwaka 2013 hadi mahakama ilipoingilia kati, na mwaka 2025 Echoes of War ya shule hiyohiyo ikaishia kwa mabomu ya machozi Nakuru. Wenye mamlaka wanajua nguvu ya jukwaa la shule. Ni sisi watazamaji tunaolichukulia kama siku ya wazazi.

Basi nikupe njia. Usingoje fainali za taifa. Huko kila ngoma imesuguliwa mno, na watazamaji wengi ni wanafunzi wa shule pinzani. Njoo ngazi ya kaunti, karibu Machi, ambako aliyeketi kando yako anaujua wimbo na hawezi kujizuia kuitikia. Beba sweta na mwavuli. Usikae katikati, kaa ubavuni karibu na wapiga ngoma, uone jicho la mpigaji linavyomfuata mguu wa kiongozi. Na mashindano yakiisha usikimbilie gari. Mwamuzi atasimama mbele ya watu wote aeleze, ngoma kwa ngoma, kilichofaulu na kilichoharibika: mkono uliochelewa, mavazi yaliyoficha miguu, kisa kilichosahauliwa katikati. Sijui mahali pengine katika nchi hii ambapo mtu wa kawaida anaweza kusikia uhakiki wa sanaa uliochambuliwa kwa kina namna ile, bure, akiwa na mahindi ya kuchoma mkononi.

Ratiba hutaipata ukutani mwa hoteli. Ukifika steji ya Kericho, muulize kondakta wa matatu ya Litein tamasha ziko shule gani wiki hii. Mabasi ya shule yanapita mbele yake tangu alfajiri, ngoma zikipigwa ndani, na huwa anajua hata nani alishinda jana.