Hongera, Vijana wa Vuvuzela

Wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha Wits, Braamfontein, jijini Johannesburg, wanastahili pongezi. Wanajifunza kwa kuchapisha, kupitia gazeti lao, Wits Vuvuzela, na jiji lenyewe ni darasa. Kusini kuna vilima vya mabaki ya migodi ya dhahabu iliyogunduliwa 1886. Upepo ukivuma, vumbi huingia majumbani. Mto Jukskei nao huanzia mjini, hupita kitongoji cha Alexandra, na uchafu wake hufika bwawa la Hartbeespoort na kurutubisha magugumaji. Habari hiyo humtaka mwandishi aufuate mto, aelewe vipimo vya maabara, kisha ambane diwani. Semina za hotelini hazifundishi hayo! Wahariri wa Dar es Salaam na Nairobi, wapeni vijana wenu nauli ya kwenda Mto Msimbazi na Mto Nairobi.