Halali ya Nyama na Halali ya Mafuta ya Kujipakaa

Hapa kwetu Baraka na Fizi, Mwislamu akiletewa nyama anauliza nani alichinja. Ni desturi nzuri. Lakini yule yule ananunua sabuni ao mafuta ya kujipakaa bila kuuliza kitu. Hapo njo desturi yetu inapungukiwa.

Ndugu msomaji, vitu vingi vya urembo vinatoka kwa wanyama. Kuko sabuni zinazopikwa kwa shahamu ya ng'ombe ao ya nguruwe. Gliserini inaweza kutoka katika mawese ao katika shahamu, na etiketi inaandika «glycérine» tu. Rangi nyekundu ya midomo yenye namba CI 75470 inatoka kwa wadudu waliokaushwa. Lanolini haina shida kubwa: ni mafuta ya manyoya ya kondoo, na kondoo anabaki mzima.

Wanazuoni hawakubaliani. Wahanafi wanasema shahamu ikigeuka sabuni imekuwa kitu kingine, basi ni safi. Washafii, ambao ni wengi Afrika ya Mashariki, hawaikubali hoja hiyo. Kwa hiyo anayeuliza asichekwe. Indonesia yenyewe ilitunga sheria ya halali mwaka 2014, na vitu vya urembo vimo ndani.

Hata hivyo, neno «halal» juu ya chupa halitoshi. Krimu ya kujichubua yenye hidrokinoni inaweza kukosa hata tone moja la mnyama, lakini inaharibu ngozi. Kurani inataja halali pamoja na kilicho chema. Sisi tunashika neno la kwanza na kuacha la pili.

Mama zetu walipaka watoto mafuta ya mise, yaani ya kokwa za ngazi. Mti wanaujua, aliyeyapika wanamjua. Si kusema kila cha kwetu ni kizuri: sabuni ya mawese ikizidishwa soda inachoma ngozi. Lakini mpishi wake tunaweza kumuuliza, na akajibu.

Vijana wetu wanasoma kemia ya sabuni shuleni, kisha wanaiacha kwenye daftari. Inapashwa waipeleke nyumbani, wasome etiketi mbele ya mama na dada zao. Kuuliza juu ya nyama tulirithi. Kuuliza juu ya chupa inapashwa tuanze sisi wenyewe.