Anayekunywa Kahawa Si Mimi

Mvulana alisimama katikati ya jukwaa, mikono chini, akatuangalia majaji watatu kana kwamba tumeingia kwao asubuhi bila kupiga hodi. Akataja jina la shairi, "Déjeuner du matin", na la mtunzi wake, Jacques Prévert. Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza, kwa sauti ya mtu anayemweleza jirani jambo ambalo angependa lisivuke ukuta.

Yalikuwa mashindano ya shule chache za upili, muhula wa pili, kila shule imeleta wakariri wake wa Kifaransa na Kijerumani. Nilialikwa kuwa jaji kwa sababu nilisoma Kifaransa chuo kikuu na pia, nadhani, kwa sababu mwandishi wa habari hualikwa kwa matumaini kwamba ataandika. Basi naandika, ingawa si walichotarajia.

Kwanza shairi lenyewe. Limo katika kitabu cha Prévert kiitwacho Paroles, cha mwaka 1946, na walimu wa Kifaransa wanalipenda kwa sababu ambayo haina uhusiano mkubwa na ushairi: vitenzi vyake viko katika ule wakati uliopita unaowatoa jasho wanafunzi wa kidato cha pili, na msamiati wake ni wa kurasa za mwanzo za kitabu cha kiada. Kikombe, kahawa, maziwa, sukari, kijiko. Mwanamume anatia kahawa, anatia maziwa, anakoroga, anakunywa. Anawasha sigara, anapuliza moshi ukatoka miviringo. Anavaa kofia na koti la mvua, kwa maana nje kunanyesha, anaondoka. Muda wote huo kuna mtu mwingine pale anayemtazama, na mtu huyo hasemeshwi wala haangaliwi. Mlango ukishafungwa, mtu huyo anashika kichwa na kulia. Hakuna zaidi ya hayo. Hatuambiwi waligombana kuhusu nini, wala kama waligombana.

Kabla ya mvulana yule, msichana wa shule nyingine alikuwa amekariri shairi hilo hilo. Jamani, alikuwa hodari! Alimimina kahawa isiyoonekana tukaiona. Alikoroga, akalamba kijiko, akavuta sigara ya hewa na kupuliza miviringo mitatu, kila mmoja ukipanda juu kuliko mwenzake. Ukumbi ulicheka na kupiga makofi kabla hajafika kwenye kofia. Matamshi yake yalikuwa safi, herufi r inatoka kooni kama ya mtu aliyezaliwa Lyon. Katika safu ya ishara nilimpa tisa kwa kumi.

Mvulana hakumimina chochote. Kahawa ikatiwa, sigara ikawashwa, koti likavaliwa, yeye kasimama tu, macho yakifuata kitu kilichokuwa upande wetu wa kushoto. Mwisho kabisa mkono mmoja ulipanda ukafika usoni, ukabaki huko. Watu hawakujua kama amemaliza. Makofi yalikuja kwa kusitasita, kama ya harambee iliyokosa mgeni wa heshima.

Nilimpa sita.

Najitetea hivi: fomu tuliyopewa ilikuwa na safu ya matamshi, ya kumbukumbu, ya ishara na miondoko, na ya mavazi na nidhamu ya jukwaani. Kuelewa shairi hakukuwa na safu. Jaji anayejaza fomu anajaza fomu. Mvulana alitoka wa nne, na wanaosonga mbele ni watatu.

Wakati wa chai nilimkuta kwenye foleni ya mandazi nikamuuliza, kwa upole wa mtu anayejiona anampa mtoto mawaidha, kwa nini hakutumia mikono.

"Madam," akasema, "anayekunywa kahawa si mimi."

Nilisimama pale na kikombe changu mkononi. Kila mwanafunzi wa sekondari Kenya anayesoma ushairi wa Kiswahili ameshaulizwa kwenye mtihani wa fasihi abainishe nafsineni, yaani ni nani anayesema katika shairi. Tunawafundisha, tunawatahini, tunawapa alama mbili. Kumbe kuna mtoto aliyebeba swali hilo kutoka karatasi ya Kiswahili hadi jukwaa la Kifaransa, akalijibu kwa mwili wake wote, na sisi watatu, wenye shahada zetu, hatukuliona jibu. Nafsineni wa Prévert ndiye aliyeketi mezani. Mikono inayofanya kazi katika shairi zima ni ya mwingine. Yeye ana tendo moja tu, la mwisho, na ukishamimina kahawa na kupuliza moshi kwa mikono hiyo hiyo, ukifika kwenye lile tendo la mwisho huna tena mikono ya kulia nayo.

Sasa, hizi ishara zilitoka wapi? Sidhani walimu ni wajinga. Ukighani shairi la Kiswahili mbele ya Wakenya, mahadhi yanabeba, vina vinajulikana kabla havijafika, na malenga anaweza kuketi na karatasi mkononi asiulizwe na mtu. Lakini Kifaransa katika ukumbi wa shule? Nusu ya waliomo, pamoja na mwalimu mkuu na mgeni wa heshima, hawaambulii kitu. Ndipo mikono inapogeuzwa mkalimani: neno "mvua" likitajwa, vidole vinashuka kwa kutetemeka, "moyo", kiganja kifuani. Ni aina ya huruma kwa msikilizaji. Kenya Music Festival, iliyoanza mwaka 1927, imelea vizazi vya wakariri, na mtindo huu wa kutafsiri kwa viganja umezoeleka kiasi kwamba asiyeufuata anaonekana hakujiandaa.

Nami ni zao lake. Kidato cha pili nilishinda kwa shairi hili hili. Mwalimu wetu alinipa kijiko halisi nikoroge nacho, na cheti kingali ukutani kwa mama, chini ya kalenda ya duka la mbegu. Nilijua maana ya kila neno. Nilichodhani, na naona aibu kukiandika, ni kwamba shairi linachekesha, kwa sababu kila nilipopuliza moshi watu walicheka.

Miaka kumi na kitu baadaye, Aprili ya mvua, katika nyumba ya kupanga Nairobi, mtu mmoja alikunywa chai mezani kwangu, akaosha kikombe chake, akachukua mwavuli. Sitasimulia zaidi, hii si blogu ya mambo hayo. Ila shairi lilinirudia lote, kwa Kifaransa, neno kwa neno, na mikono yangu ilikuwa imelala mezani haifanyi kitu.

Ndiyo maana siungani na wanaosema tuache kuwakaririsha watoto wasichokielewa. Huku pwani ninakotoka, watoto wamekariri Kiarabu vyuoni kabla ya kukifahamu tangu enzi za mababu, na Barzanji husomwa Maulidi na watu ambao wengi wao hawawezi kuagiza chakula kwa lugha hiyo. Sauti hutangulia, maana ikaja kwa wakati wake, kama ilivyonijia mimi. Tofauti ni kwamba mashindano ya kusoma Kurani hayamdanganyi mtu: yanapima tajwidi na hifadhi, na yanasema hivyo waziwazi. Sisi tunasimama mwisho wa siku kumsifu mshindi kwamba "ameelewa shairi kwa kina", ilhali tulichohesabu ni viganja.

Nisieleweke vibaya, mikono haina kosa kwa kila shairi. Siku hiyo hiyo msichana mmoja alikariri "Erlkönig" ya Goethe, ya mwaka 1782, ambamo baba anakimbiza farasi usiku akimkumbatia mwanawe mgonjwa. Sauti nne zimo: msimulizi, baba, mtoto, na yule mfalme wa mazimwi anayesikika na mtoto peke yake. Utungo huo unaomba uigizwe. Msichana alibadilisha sauti nne bila kubadilisha mikono. Tangu mwanzo aliikunja kama aliyepakata mtoto, na mtoto alipokufa mwishoni hakuifungua. Alikuwa wa pili, na hapo nakubali fomu ilipata sawa, pengine kwa bahati.

Wamarekani wana mashindano yao ya sekondari, Poetry Out Loud, yanayoandaliwa na National Endowment for the Arts pamoja na Poetry Foundation. Hayo ni ya Kiingereza, kwa hiyo hawana shida yetu ya ukumbi usioelewa. Lakini majaji wao hupima, miongoni mwa mengine, ushahidi kwamba mkariri ameelewa, na maelezo wanayopewa yanaonya dhidi ya kuigiza kupita kiasi hadi igizo likafunika shairi. Mwanafunzi pia hujichagulia shairi kutoka diwani ya mashindano. Kwetu, mara nyingi, mwalimu ndiye huchagua, na huchagua kwa jicho la sarufi.

Mwalimu wa yule mvulana, nilipoongea naye karibu na basi lao, aliniambia wamegombana juu ya mikono kwa wiki mbili. Alimwonyesha jinsi ya kukoroga, akakataa. Akamtishia kumtoa, akakataa. "Mwishowe nikamwachia," alisema, "nikajua atanikosesha alama." Hakuwa na hasira. Aliniuliza nilimpa ngapi. Nilimwambia ukweli, naye akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia.

Nimewaandikia waandalizi nikiomba safu moja iongezwe kwenye fomu. Wamenijibu kwa adabu sana kwamba fomu hutoka juu, na kwamba wangefurahi nikirudi kuwa jaji mwaka ujao. Nitarudi. Mvulana atakuwa kidato cha nne wakati huo, na shuleni kwao kidato cha nne hawaruhusiwi kushiriki, kwa sababu ya mtihani.