Neno la Mgonjwa na Neno la Daktari: Uaseksuali katika Mfululizo wa Televisheni wa "House"

1. Kisa chenyewe

Tarehe 23 Januari 2012, stesheni ya televisheni ya Fox, nchini Marekani, ilionyesha sehemu ya mfululizo wa House, ujulikanao katika nchi zisemazo Kifaransa kwa jina la Dr House. Sehemu hiyo yaitwa Better Half. Ndani yake, pembeni mwa kisa kikuu, mna kisa kidogo ambacho ndicho kilichozua mabishano. Mwanamke mmoja afika kwa daktari Wilson kutibiwa kibofu. Katika mahojiano aeleza kwamba yeye na mumewe wapendana lakini hawajamiiani, wala hilo haliwasumbui, kwa kuwa wote wawili ni aseksuali.

Wilson asadiki. Mwenzake House, shujaa wa mfululizo, akataa katakata: kwake yeye, asiyetaka kujamiiana ama ni mgonjwa, ama ni maiti, ama ni mwongo. Wawekeana dau. Mwishowe mume aonekana ana uvimbe karibu na tezi ya pituitari, ambao ndio uliomwondolea hamu. Naye mke aungama kwamba alidanganya kwa ajili ya mapenzi. Hivyo mume ni mgonjwa na mke ni mwongo. House ashinda dau, na mtazamaji acheka pamoja naye.

2. Maana ya uaseksuali

Mtu aseksuali ni yule asiyehisi mvuto wa kimwili kwa mtu yeyote, awe mwanamume au mwanamke. Hali hiyo si useja, kwa maana mseja aweza kutamani sana akajizuia. Wala si uhanithi, kwa maana hanithi aweza kutamani na mwili ukamkatalia. Mtu aseksuali aweza kupenda, kuoa au kuolewa, na kuzaa.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Alfred Kinsey, katika kitabu chake juu ya wanaume wa Marekani kilichotolewa mwaka 1948, aliwatengea watu wa namna hiyo alama ya X, nje ya kipimo alichowapimia wengine. Mwaka 2004 Anthony Bogaert, mwanasaikolojia wa Kanada, alichambua majibu ya watu zaidi ya 18,000 wa Uingereza, akaona kwamba 1% hivi walisema hawajapata kamwe kuvutwa kimwili na mtu yeyote. Mwaka 2001 Mmarekani David Jay alikuwa amekwisha anzisha AVEN, jumuiya iliyowakutanisha watu hao na kueneza istilahi zao. Kwa hiyo mwaka 2012 waandishi wa House hawakukosa mahali pa kuuliza.

3. Kosa liko wapi?

Yafaa kwanza kumtendea haki mwandishi. Uvimbe wa pituitari upo, na baadhi ya aina zake hupunguza kweli hamu ya mwili. Mtu aliyekuwa na hamu, kisha ikamtoka ghafula, ana sababu nzuri ya kumwona daktari. Kama kisa kingekuwa hicho tu, kusingekuwa na neno.

Kosa liko katika muundo wa kisa. Mfululizo wa House umejengwa kama hadithi ya upelelezi. Kila kinachosemwa na mgonjwa ni fumbo, na kila fumbo lazima lifumbuliwe kabla ya saa moja kwisha. Katika muundo huo kauli ya mtu juu ya nafsi yake haihesabiwi kuwa habari. Yahesabiwa kuwa dalili, sawa na homa au kikohozi. Isitoshe, watu wawili hao ndio pekee walioletwa mbele ya mtazamaji kwa jina la aseksuali. Mfano ukiwa mmoja tu, mtazamaji asiyejua mwingine huufanya kuwa kanuni.

Jambo hilo laonekana wazi zaidi likitazamwa kwa sarufi ya Kiswahili. Mtu aweza kusema "siwezi", "siruhusiwi", "sithubutu" au "sivutwi". Kauli tatu za kwanza zadokeza kizuizi: mwili, sheria, hofu. Kauli ya nne ni kitenzi cha kutendwa kilichokanushwa, nacho chaarifu tu kwamba tendo halimpati msemaji. Hakina kizuizi cha kuondoa. House asikia "sivutwi" akatafsiri "siwezi", kisha aanza kutafuta tiba ya tafsiri yake mwenyewe.

4. Majibu ya wahusika

Watu aseksuali hawakukaa kimya. Waliandika, wakatia sahihi lalamiko lililoelekezwa kwa Fox, wakamwandikia pia Kath Lingenfelter, mwandishi wa sehemu hiyo. Jibu lake lastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa uhakiki. Alieleza kwamba alikusudia kuutambulisha uaseksuali kwa heshima, na kupinga desturi ya watu kumwuliza mhusika ana kasoro gani. Lakini kila alipopokea maoni juu ya rasimu yake, aliambiwa kwamba House lazima afumbue fumbo, wala asionekane amekosea. Akaomba radhi. Hivyo nia njema ya mwandishi ilishindwa na kanuni ya utanzu, na kanuni hiyo haikuandikwa na adui yeyote wa watu aseksuali.

Majibu hayo nayo yahitaji kupimwa. Wengi walijitetea kwa kusema, "Sisi si wagonjwa." Kauli hiyo ni ya haki. Mwaka 2013 hata mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, ulieleza kwamba mtu ajitambulishaye kuwa aseksuali asihesabiwe kuwa na ugonjwa wa upungufu wa hamu. Hata hivyo kauli hiyo yaacha mlango nusu wazi. Je, mtu aseksuali ambaye ni kilema, au mwenye maradhi mengine, asisadikiwe? Walioona mbali zaidi ni wale waliodai jambo dogo kuliko cheti cha afya: kwamba neno la mtu juu ya nafsi yake lipokewe kwanza kama neno.

Kwamba televisheni yaweza kufanya hivyo, ushahidi ulipatikana baadaye. Katika BoJack Horseman, mfululizo wa katuni wa Marekani, kijana Todd akiri mwaka 2016 kwamba hajijui yu wa namna gani, na katika msimu wa 2017 ajitambua kuwa aseksuali. Todd abaki mcheshi na mwenye vituko vyake. Hakuna ampimaye damu. Lakini mwaka huohuo wa 2017 mfululizo wa Riverdale ulimwonyesha Jughead akiwa na mchumba, ilhali katika vitabu vya katuni vya mwaka uliotangulia alikwisha tajwa kuwa aseksuali. House alimfanya mhusika kuwa mgonjwa. Riverdale ilimnyamazisha tu.

5. Funzo kwa wanaotumia Kiswahili

Yeyote atakayefasiri visa hivi kwa Kiswahili atakutana na mtego uleule. Maneno yaliyo karibu ni "mseja", "mtawa", "hanithi" na "tasa". La kwanza lataja hali ya ndoa, la pili lataja nadhiri, na mawili ya mwisho yataja upungufu wa mwili. Kila moja lampa mhusika jambo ambalo hakulisema. Mfasiri akichagua "hanithi", amekwisha toa hukumu ya House kabla House hajaingia chumbani. Heri kukopa neno "aseksuali" na kulieleza, au kusema kwa urefu "mtu asiyevutwa kimwili na yeyote", kuliko kutumia neno fupi lenye uchunguzi wa daktari ndani yake.

Wala jambo hili haliishii kwenye filamu. Kijana aambiaye jamaa zake kwamba havutwi na yeyote aweza kupelekwa kwa daktari, kwa mchungaji au kwa mganga kabla hajamaliza sentensi yake. Wazee walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. House hakulala kitanda kile, lakini ndiye aliyepewa neno la mwisho. Mhakiki wa visa vya namna hii na aanze kwa kuuliza ni nani aliyepewa neno hilo, na ni nani aliyenyimwa.